Kamera ni yangu, ila nani mwingine anaangalia? Majibu ya maswali yenu ya mwezi huu

Wadau wa Tabora na wa Kigoma, mwangaluka. Mwezi huu maswali mengi yamekuja ya vifaa vya intaneti, kamera za dukani, traka za pikipiki, boksi la tivii, waifai ya gesti, na nikiyasoma moja baada ya jingine naona wote mnauliza kitu kimoja, kwamba hiki kitu nimenunua kwa hela yangu mwenyewe lakini nani mwingine anakishika? Hilo ndo swali lenyewe, watu wengi wanahangaika na virusi na mahaka wa mbali huku hawajui hata akaunti ya kifaa chao imefunguliwa kwa namba ya nani. Tuanze na mama yetu wa Isevya mana barua yake imenikaa.

SWALI: Dada habari za kazi. Nina duka la jumla hapa Isevya, mwaka jana niliweka kamera nne na DVR yake, lile boksi linalorekodi picha, fundi alifunga vizuri tu akaniwekea na kwenye simu, naona duka mpaka nikiwa nyumbani. Juzi kanipigia kuuliza kama nataka kamera ya tano ya stoo, katika maongezi akasema mama naona siku hizi unafunga mapema, saa kumi na mbili ushashusha shata. Mimi sijawahi kumwambia nafunga saa ngapi. Sijui alipita tu akaona au vipi, na naona aibu kumuuliza mana ndo fundi ninayemtegemea.
(Mama wa duka, Isevya)

JIBU: Salama mama yangu, pole kwa hilo wazo. Inawezekana kabisa kapita barabarani akaona, Isevya siyo mbali na popote, kwa hiyo tusimhukumu mtu kwa sentensi moja. Lakini umefanya vizuri kuuliza, mana jinsi kamera nyingi zinavyofungwa huku kwetu fundi anabaki na uwezo wa kuona hata kama hana nia mbaya, na wewe hutajua.

Iko hivi. Fundi akija kufunga anataka kazi iishe haraka, anafungua apu ya kamera kwenye simu yake, anajisajili kwa namba yake au imeili yake, anaskani ile QR iliyobandikwa kwenye DVR, picha zinatokea, safi. Halafu anachukua simu yako anakuwekea apu ileile, na hapo anafanya moja kati ya mambo mawili, ama anaingia na akaunti yake kwenye simu yako mnakuwa mnatumia akaunti moja watu wawili, ama anakugawia ruhusa ya kuangalia kutoka kwenye akaunti yake. Kwa namna zote mbili mwenye kamera kwa macho ya ule mfumo ni yeye, wewe ni mgeni. Ni sawa na fundi ujenzi akukabidhi nyumba yako mwenyewe halafu hati iandikwe jina lake, wewe upewe nakala ya ufunguo.

Sasa fanya hivi, leo leo ukifunga duka. Fungua apu, nenda sehemu ya akaunti au wasifu, angalia namba ya simu au imeili iliyoandikwa pale. Kama siyo yako jibu umelipata. Kama ni yako, bado usifurahi, bonyeza jina la kamera au DVR uone kama imeandikwa imeshirikiwa kutoka kwa mtu fulani, na kama wewe ndo mwenyewe kuna sehemu inaonyesha umewagawia akina nani, ukikuta jina usilolijua lifute.

Ukishajua, mpigie fundi kwa upole tu, mwambie nataka mfumo uhamie kwenye akaunti yangu, njoo uufute kwako nikiwepo. Usione aibu mama, ni kitu cha kawaida na fundi mwenye heshima zake anakifanya kwa dakika kumi. Nasema aje yeye mwenyewe kwa sababu aina nyingi za kamera za siku hizi zikishafungwa kwenye akaunti moja hazikubali akaunti ya pili mpaka ya kwanza iachie, hata ukibonyeza kile kitufe cha kuriseti ukaanza upya apu inakuambia kifaa hiki ni cha mtu mwingine. Akigoma au kama kahama mji, unabaki kuwaandikia watengenezaji wenyewe ukiwa na risiti na picha ya stika yenye namba ya kifaa, kwa hiyo risiti usiitupe.

Halafu kuna upande wa pili ambao watu wanausahau, DVR yenyewe. Ile ina watumiaji wake ndani, tofauti kabisa na apu. Washa ile skrini ya dukani, shika mausi, ingia kwenye menyu, tafuta watumiaji. Utamkuta admin, na mara nyingine utamkuta na mtumiaji wa pili ambaye fundi alimtengeneza ili awe anaingia akiitwa kurekebisha. Yule wa pili mfute, na admin mbadilishie paswedi. Hapo kwenye paswedi naomba unisikilize, mafundi wengi wanatumia paswedi moja mji mzima, admin na 12345 au admin na namba ya simu ya fundi, yani ukijua ya duka moja umejua ya maduka yote aliyofunga. Weka ndefu, hata maneno matatu manne ya Kinyamwezi yasiyohusiana pamoja na namba ni nzuri kuliko jina la mtoto, iandike kwenye daftari la nyumbani siyo kwenye karatasi iliyobandikwa juu ya DVR pale kaunta.

Na kama fundi aliwahi kukuambia nimekufungulia poti kwenye rauta ili uone ukiwa mbali, mwambie aifunge. Poti wazi maana yake yeyote duniani anaweza kuifikia DVR yako na kujaribu paswedi, na wanaojaribu siyo watu wenye kinyongo na wewe, ni mashine zinazozunguka intaneti nzima usiku na mchana. Mwaka 2016 kulikuwa na programu mbaya inaitwa Mirai, ilikuwa na orodha ya jozi 62 tu za majina na paswedi za kiwandani, admin admin, root 123456, vitu kama hivyo, ikawa inapita kifaa kimoja kimoja inajaribu, na kwa orodha hiyo fupi ikakamata laki za kamera, DVR na rauta za watu wa kawaida. Tarehe 21 Oktoba 2016 jeshi la vifaa hivyo lilielekezwa kwenye kampuni ya Marekani inaitwa Dyn, iliyokuwa inaelekeza watu kwenye tovuti wanazozitafuta, Twitter, Netflix na Reddit zikawa hazifunguki kwa masaa kwa mamilioni ya watu. Vijana watatu wa Marekani walikiri mahakamani Desemba 2017 kuwa ndo walioitengeneza. Wenye kamera wenyewe hawakujua chochote, kamera ziliendelea kuonyesha picha kama kawaida. Ile Mirai ilikuwa inakaa kwenye kumbukumbu ya muda tu, umeme ukikatika inafutika, lakini umeme ukirudi na paswedi ni ileile ya kiwandani inaingia tena ndani ya dakika chache. Kwa hiyo wale wanaosema zima washa itapona, haitapona.

Uingereza walichoka wakatunga sheria, toka tarehe 29 Aprili 2024 ni marufuku kuuza huko kifaa cha intaneti cha nyumbani chenye paswedi moja ya kiwandani inayofanana kwa vyote. Kwetu kamera zinazokuja sokoni ni za kila aina, kwa hiyo kazi hiyo ya kubadilisha tunaifanya wenyewe.

Mwisho kwa upande wako mama, hiyo kamera ya tano ya stoo sina tatizo nayo, ila kama stoo ndo chumba ambacho binti wa dukani anabadilishia nguo usiiweke. Na ikitokea umethibitisha kuna mtu anaangalia bila ruhusa yako na kakataa kuacha, hilo ni kosa, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, piga picha za skrini kabla hujafuta chochote halafu nenda polisi nazo.

SWALI: Dada shikamoo. Nina pikipiki mbili za mkataba hapa Urambo, zote nimezifunga traka ya GPS yenye uwezo wa kuzima injini. Sasa dereva mmoja analalamika pikipiki inajizima yenyewe njiani, mara mbili njia ya Kaliua usiku, anasema nimemzimia mimi. Naapa sijagusa. Inawezekana kuna mtu mwingine anazima?
(Mwenye pikipiki, Urambo)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Inawezekana, na inawezekana pia ni waya. Anza na waya mana ndo rahisi, ile rilei, yani swichi ndogo ya kuzimia, ikifungwa vibaya inalegea kwenye mashimo na pikipiki inakata, na njia ya Kaliua unaijua mwenyewe. Fundi pikipiki aifungue aikaze aone kama kuna waya umechubuka.

Lakini usiku huohuo fungua apu ya traka ujiulize, paswedi yangu ni ngapi? Kama ni 123456 basi una shida mbili siyo moja. Traka nyingi za bei nafuu unaingia kwa namba ya kifaa, ile iliyoandikwa kwenye stika ya traka yenyewe na kwenye boksi lake, pamoja na paswedi ya kiwandani, kwa hiyo aliyeifunga, aliyekuuzia, na aliyewahi kuifungua pikipiki akapiga picha ile stika, wote wanaweza kuingia. Julai 2022 watafiti wa kampuni ya Bitsight walitoa ripoti kuhusu traka aina ya MiCODUS MV720, serikali ya Marekani nayo ikatoa onyo kuhusu hiyohiyo, walikuta mapengo sita, mojawapo ni paswedi ya 123456 ambayo mfumo haukumlazimisha mtu kuibadilisha. Na kupitia mapengo yale mtu wa mbali angeweza kuona gari liko wapi, njia linazopita, na kukata mafuta. Sijui ya kwako ni aina gani hukuandika, ila traka za huku bei zake na tabia zake zinafanana sana.

Badilisha paswedi ya apu. Halafu kuna ya pili, ile ya meseji. Traka ina laini ndani, na nyingi zinapokea amri kwa meseji ya kawaida, unatuma neno la amri pamoja na paswedi fupi ya tarakimu, injini inazima hata bila intaneti. Kile kikaratasi cha maelekezo kilichokuja na traka kina amri ya kubadilisha hiyo paswedi na mara nyingi kina amri ya kuweka namba za simu zinazoruhusiwa tu, weka yako peke yake. Na ile laini imesajiliwa kwa jina la nani? Kama fundi aliweka laini ya kwake ndo yaleyale ya mama wa Isevya. Piga *106# kwenye simu yako uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA, ya traka isipokuwepo hapo nunua nyingine usajili kwa jina lako.

Naomba niseme na hili kwa moyo mmoja, hiyo kazi ya kuzima injini usiitumie pikipiki ikiwa inatembea hata kama dereva kachelewesha hesabu. Kuna mtu juu yake na pengine na abiria na mtoto mgongoni, usiku, barabara ya lori za tumbaku. Subiri imesimama. Na dereva mwambie wazi kuwa kuna traka, inaonyesha nini na wewe peke yako ndo unaona, mkataba unakaa vizuri watu wakijua wanachofanyiwa.

SWALI: Dada habari, niko Mwanga Kigoma. Nilinunua boksi la tivii la Android linaonyesha mipira yote bure, muuzaji alisema halina malipo ya mwezi. Picha nzuri. Tatizo bando linaisha kwa kasi, naweka la wiki siku ya nne limekwisha, hata siku tukiwa tumelala mapema. Rafiki yangu anasema ni kawaida ya YouTube. Ni kweli?
(Mpenda mpira, Mwanga)

JIBU: Video zinakula bando kweli, rafiki yako hajakosea. Ila wewe umesema hata mkilala, na video haijichezi yenyewe usiku wa manane, kwa hiyo tupime badala ya kubishana. Leo usiku kabla ya kulala andika salio la bando, acha boksi limechomekwa kama kawaida ila simu zote zima data na waifai, asubuhi andika tena. Kesho yake fanya hivohivo lakini chomoa boksi ukutani kabisa, siyo kuzima kwa rimoti mana rimoti inalilaza tu. Tofauti ikiwa ndogo, tafuta tatizo kwingine, mara nyingi ni simu ya mtu inajiapdeti au picha zinapanda gugo usiku. Tofauti ikiwa kubwa, boksi linafanya kazi ya mtu mwingine.

Hiyo kazi ni ipi? Kuna mtandao wa uhalifu unaitwa BADBOX, na toleo lake la pili BADBOX 2.0, ambao unakaa hasa kwenye maboksi ya tivii ya bei rahisi ya Android. FBI ya Marekani ilitoa onyo kwa wananchi Juni 2025, na mwezi uliofuata Google wakafungua kesi mahakamani wakisema vifaa zaidi ya milioni 10 vimeshaingiliwa. Kabla ya hapo, Desemba 2024, Ujerumani walikata mawasiliano ya vifaa kama 30,000 vya namna hiyo ndani ya nchi yao. Ubaya wake ni kwamba maboksi mengine yanatoka yakiwa yameshawekewa uchafu huo kabla hujayafungua, na mengine yanaupata siku ya kwanza unapoambiwa weka apu hii ya mipira kutoka kwenye stoo isiyo rasmi. Uchafu huo ukishakuwemo unabofya matangazo kimyakimya ili mtu alipwe, na unaiuza intaneti yako kwa watu wengine wapitie kwako, yani mtu akifanya utapeli huko aliko anaonekana kama yuko sebuleni kwako Mwanga. Na bando ni lako.

Namna ya kuangalia, kama boksi lina Play Store ingia kwenye ile picha yako juu, setingi, kuhusu, chini kabisa kuna mstari wa Play Protect, ule ulinzi wa gugo, unaosema kifaa kimeidhinishwa au hakijaidhinishwa. Likiwa halijaidhinishwa, au likikuambia uzime Play Protect ndo apu ifanye kazi, mimi nisingeliacha kwenye mtandao wangu hata siku moja. Kuriseti hakusaidii kama uchafu uko kwenye mfumo wenyewe wa kiwandani, unarudi nao. Najua inauma, umetoa hela. Lakini tivii ya kawaida na king'amuzi cha halali vinaonyesha mpira mwingi, na ukipiga hesabu ya bando unalolipa kila wiki utakuta ule mpira haukuwa bure. Kama lazima uendelee nalo kwa muda, lichomoe kila mkimaliza kuangalia, na usiingie humo na akaunti ya gugo unayotumia kwenye simu yenye hela zako.

SWALI: Mwanangu, mimi ni mstaafu niko hapa Ng'ambo. Nilikwenda steshenari kutoa kopi ya barua iliyotumwa kwenye WhatsApp, kijana akachukua simu akaskani kwenye kompyuta yake akaprinti, nikalipa nikaondoka. Wiki hiyohiyo binti yangu aliyeko Mwanza akapata ujumbe kutoka kwangu unasema ile hela ya dawa itume kwenye namba hii. Sikuandika mimi. Simu ilikuwa mfukoni muda wote.
(Mzee wa Ng'ambo)

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Namshukuru Mungu binti alikupigia kwanza, natumaini alikupigia. Simu haikuibiwa wala haikuingiliwa kwa uchawi wa namna yoyote, ile kompyuta ya steshenari bado imeunganishwa na WhatsApp yako tangu siku ile, na kompyuta ile inakaliwa na watu wengi, kwa hiyo usimwendee yule kijana kwa hasira, anaweza kuwa hajui.

Fungua WhatsApp, bonyeza nukta tatu juu kulia, utaona Vifaa vilivyounganishwa. Humo kuna orodha, kila kompyuta na saa iliyotumika mwisho. Bonyeza moja moja, chagua kutoka. Zinakatika palepale hata kama uko nyumbani na kompyuta iko mjini. Kisha ingia setingi, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka namba yako ya siri ya tarakimu 6 ambayo siyo mwaka wako wa kuzaliwa, na mtu akikupigia akakwambia nimekutumia namba 6 kwa makosa nisomee, usimsomee hata akijitambulisha kuwa ni ofisi gani. Ile namba iliyotajwa kwenye ujumbe wa dawa itume kwenda 15040, ndo ya kuripoti matapeli wa simu, ni bure.

Siku nyingine ukitaka kuprinti, tuma lile faili kwa imeili ya steshenari au kwa namba yao ya WhatsApp, simu yako isiskani kitu chochote. Na kama imeshaskani, usiondoke kwenye kaunta mpaka umeona orodha ni tupu.

SWALI: Tuna gesti karibu na stesheni ya treni, waifai moja, paswedi tumeandika ukutani mapokezi. Kamera na simu ya malipo ziko kwenye waifai hiyohiyo. Kuna ubaya?
(Meneja, Tabora mjini)

JIBU: Kuandika ukutani siyo ubaya, wageni wanatakiwa waijue. Ubaya ni kuwaweka wageni na kamera kwenye chumba kimoja. Rauta nyingi zina sehemu ya waifai ya wageni, iwashe, ipe jina la gesti, hiyo ndo uandike ukutani, ile ya zamani ibadilishe paswedi ibaki ya kamera na ya ofisi tu. Halafu kuna paswedi nyingine kabisa ya kuingilia rauta yenyewe, ile unayofungua kwa 192.168.1.1 au 192.168.8.1 kutegemea na aina, imeandikwa kwenye stika ya chini, kama ni admin na admin mgeni anayesubiri treni ya Kigoma iliyochelewa ana muda wa kutosha kuijaribu. Ibadilishe, zima na WPS, ile njia ya kuunganisha kifaa bila kuandika paswedi, na ukiona sehemu ya apdeti bonyeza. Simu ya malipo kwa kweli ningependa itumie data ya laini yake yenyewe, isikae kwenye waifai kabisa.

SWALI: Dada huku kijijini kwetu umeme haujafika, tunachajisha simu dukani kwa mia tano, tunaiacha asubuhi tunaichukua jioni. Wanasema chaja inaweza kuiba hela kwenye simu. Kweli?
(Kijana, Kaliua)

JIBU: Chaja ya dukani iliyochomekwa kwenye betri ya sola haiibi hela mdogo wangu, ondoa hofu. Ikichomekwa kwenye kompyuta simu inaweza kukuuliza kama unaruhusu kuhamisha mafaili, chagua kuchaji tu. Kinachonitia wasiwasi mimi ni kuiacha siku nzima bila wewe. Izime kabisa kabla hujaikabidhi, weka loki ya tarakimu au mchoro usiokuwa rahisi, na zuia meseji zisionekane kwenye kioo kilichofungwa.

Muhimu kuliko hayo ni laini. Mtu akiitoa laini yako akaiweka kwenye simu yake kwa dakika tano, loki ya simu haina kazi tena, anapokea zile namba za uthibitisho kama wewe, anaweza kuifungua WhatsApp yako na kuanza kuhangaika na namba ya siri ya hela. Au itoe laini uondoke nayo mfukoni, ndo njia rahisi kuliko zote, au iwekee PIN ya laini. Iko kwenye setingi, usalama, loki ya laini. Ila kabla hujaiwasha wapigie huduma kwa wateja wa mtandao wako uwaulize PIN ya mwanzo ya laini yako ni ipi, usibahatishe, ukikosea mara tatu laini inajifunga na inataka namba ya PUK, hiyo PUK wanakupa haohao huduma kwa wateja wakishakuhakiki ni wewe. Ukiifanya ukiwa huko kijijini mtandao unasumbua utakaa siku nzima bila simu, kwa hiyo fanya siku umekuja mjini.